Rangi Ulizosema, Nikaandika

Mwanga mzuri ni ule wa dirisha la kaskazini. Hivyo ndivyo ulivyoniambia, Evelio, wiki ya kwanza ya ndoa yetu, ulipolivuta lile sanduku la mwerezi kutoka chini ya kitanda ukaliweka chini ya dirisha. Mwanga wa mashariki ni mwongo, ulisema, hupaka kila kitu asali. Wa magharibi ni mlevi. Wa kaskazini hauna upendeleo, hauna haraka, unasema ulichokiona.

Nami nilicheka. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, nikidhani mwanga ni mwanga.

Ulikuwa na kahawia sabini kichwani. Miaka kumi na tisa ulikaa kwenye meza ya wachaguzi pale kiwandani, mbele yako rundo la biri za majani ya tumbaku zilizotoka moto mikononi mwa wasokotaji, nene sawa, ndefu sawa, na kazi yako ilikuwa kuzitenga kwa rangi: iliyokoza zaidi kushoto, iliyopauka zaidi kulia, ili yule atakayefungua kasha huko ng'ambo asione mahali rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Kiwandani rangi zilikuwa na majina ya kiwandani. Nyumbani ulikuwa na yako. Farasi aliyenyeshewa. Kikombe kilichosahauliwa mezani. Ganda la mkate ulioungua upande mmoja. Udongo wa San Luis nyuma ya jembe. Bega la Zoraida mwezi wa Agosti. Na Zoraida ni mimi, na bega ni hili.

Biri ulizopewa kama haki ya mfanyakazi, ulivuta zile mbaya na kuzileta nyumbani zile nzuri. Ukazilaza katika vyumba vidogo vya sanduku, kila moja na wenziwe, pembeni kikombe cha maji na kipande cha sponji, zisikauke zikapasuka. Kila Jumapili ulizipindua, za chini zikaja juu. Tumbaku ni mgonjwa wa kitandani, ulisema, usipomgeuza anaota vidonda.

Kisha ukaja mwaka wa njaa.

Mabasi yalisimama. Umeme ulikuja kama mgeni, ukaondoka kama mwizi. Asubuhi tulikunywa maji ya sukari, mchana tulikaanga maganda ya balungi tukayaita nyama, na tukayatafuna kwa heshima ya nyama. Mkate ulikuwa mmoja kwa mtu, mdogo kama ngumi ya mtoto, na wako ulinisogezea kila siku.

"Kula wewe, kizee changu. Mimi nimekula kazini."

Uliniita kizee chako tangu nina miaka ishirini na sita. Na kazini hukula kitu, Evelio. Kazini ulikula moshi. Nami nilijua, na mkate niliula.

Wa kwanza kutoweka ulikuwa uso wangu. Tulikuwa mezani, ukaniangalia kwa muda mrefu, ukainamisha kichwa huku na huku kama kuku anayechunguza punje.

"Ajabu," ulisema. "Naona masikio yako. Naona nywele. Wewe mwenyewe hupo."

Nikadhani ni mzaha wako. Nikakurushia kitambaa cha sahani. Hukukiona kikija.

Mwaka ule macho ya wengi mkoani mwetu yaliingia ukungu, wanaume wavutaji zaidi ya wote. Zahanati ilijaa mpaka barazani. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye viatu vilivyofungwa kwa waya, akatugawia vidonge vya njano, akasema njaa na moshi vikikutana kwenye mwili mmoja, mshipa wa jicho ndio unaolipia. Wengine yatarudi, alisema. Wengine hatuwezi kuahidi. Kinachotangulia kuondoka ni rangi.

Ukauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, "Rangi zipi?"

"Nyekundu," alisema. "Kijani. Kahawia zote."

Kiwandani walikupa likizo ya ugonjwa na kukupigia makofi. Ulirudi na begi lako la chakula likiwa tupu kama lilivyokwenda, ukakaa mbele ya sanduku, ukasema, "Tulipange upya. Lote. Tulipange na kulibandikia majina, mwanga ungalipo."

Ndiyo maana nilikata vibandiko. Karatasi haikuwepo mjini, nikachukua kalenda ya zamani, nikaikata vipande vidogo upande wake mweupe. Gundi haikuwepo, nikaponda punje tano za wali kati ya vidole, na Mungu anisamehe, niliramba vidole baadaye.

Ulichukua biri ya kwanza. Ukaipeleka kwenye mwanga, ukaizungusha, ukageuza kichwa pembeni ili uitazame kwa ukingo wa jicho, maana katikati palikuwa na shimo.

"Farasi aliyenyeshewa," ulisema. Na ilikuwa farasi aliyenyeshewa.

Ukasema, nikaandika.

Ya tatu ulisema udongo wa San Luis. Nikaitazama. Miaka kumi na tisa ya kusikiliza ilikuwa imeniachia macho, si kama yako, lakini macho. Ile haikuwa udongo wowote. Ilikuwa na ukijani wa jani lililochumwa mapema, rangi ambayo zamani ungeitupa nje ya meza kwa kidole kimoja.

Nikafungua mdomo. Nikauona mkono wako umeishika biri ile kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto kwenye msongamano. Nikaukumbuka mkate. Nikafunga mdomo.

Ukasema, nikaandika.

Siku tatu tulifanya kazi ile, asubuhi mpaka mwanga ulipoanza kulewa. Uliimba. Wiki nyingi hukuwa umeimba. Uliweka nyeusi kati ya zilizopauka, uliweka zenye wekundu na zenye ukijani kitanda kimoja, na bega langu la Agosti ukalipa biri nyeusi kama lami, na kila uliposema, niliandika, kwa mwandiko ule ule ninaowafundishia watoto wasidanganye.

Nilijiambia ni sanduku la nyumbani. Nilijiambia nani atalifungua?

Migdalia alilifungua. Alikuja Jumapili asubuhi kwa baiskeli, na mihogo miwili mfukoni, yule uliyemfundisha kazi tangu hajui kutenga mchana na usiku, yule aliyekalia kiti chako. Ulimpokea kama mfalme anavyopokea balozi.

"Fungua, binti. Uone kama mkono wa mwalimu wako umezeeka."

Akafungua. Mimi nilikuwa jikoni, kisu ndani ya muhogo, na nilijua, nikaja mpaka mlangoni.

Akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kwa sababu ulizoea kumtega kwa mitihani ya namna hiyo.

"Mwalimu, unanipima! Nani amepanga hili sanduku, kuku? Tazama hii, kijani kibichi, mmeibandika udongo wa San Luis! Na hii nyeusi hapa, jamani, hata kipofu..."

Hapo aliuona uso wangu mlangoni. Akashika mdomo.

"Nilikuwa natania, mwalimu. Limepangwa vizuri. Vizuri sana."

Ulisubiri mpaka baiskeli yake ikaacha kusikika. Kisha ukanivutia kiti.

"Zoraida." Si kizee changu. "Chumba cha kwanza kushoto. Biri ya juu. Rangi gani?"

Nikakwambia.

"Ya pili?"

Nikakwambia. Ukauliza ya tatu, ukauliza ya kumi, chumba baada ya chumba, bila kupandisha sauti, nami nikajibu kila moja ilivyokuwa, nikilia, na wewe ukitikisa kichwa kama unayesomewa majina ya waliokufa ajalini.

"Na wewe uliandika."

"Niliandika."

"Kwa mwandiko wako mzuri."

Nikasema nilifanya kwa mapenzi. Nikasema ulikuwa unaimba, Evelio, ningekukatisha vipi? Hukuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri.

"Macho yalipokwenda nilisema si neno, yapo ya Zoraida. Nitamuuliza, ataniambia." Ukainuka, ukapapasa ukuta. "Sasa nimuulize nani?"

Vidonge vya njano tulivimeza mpaka vikaisha. Jirani yetu Berto aliyapata macho yake, akarudi kusoma gazeti. Fundi viatu wa kona alipata nusu. Wewe hukupata kitu. Njaa ililegea, mkate ukanenepa kidogo, mabasi mawili matatu yakafufuka, na wewe ukabaki na ukingo wa dunia: fremu ya mlango bila anayeingia, miguu ya meza bila chakula, nywele zangu zinazoota mvi ambazo hujui kama ni mvi.

Nilivibandua vibandiko vyote. Nikapanga upya, sawasawa, biri moja moja kwenye mwanga, nikabandika majina ya kweli. Nilikuita uje uguse. Ulisema, "Vizuri," kwa sauti unayomjibia mtu wa posta.

Sanduku nimelilea mwenyewe. Nabadili maji kikombeni. Nazipindua Jumapili. Nazikagua kama zina tundu, maana kuna kidudu kidogo kuliko punje ya mtama, kikiingia kimoja hula sanduku zima kimya kimya, na kwa nje huoni kitu mpaka uiguse biri ikawa vumbi.

Nisikilize nikusimulie la Alhamisi iliyopita, ingawa ulikuwepo.

Nilikuwa nazipanga, moja ikaniponyoka, ikabingirika mpaka mguuni pako. Uliinama ukaiokota. Ukaibonyeza kidogo kwa kidole gumba, ukaisikiliza sikioni. Ukaipitisha chini ya pua. Ukageuza kichwa pembeni, zamani zile za meza zikakurudia mabegani, nikaona unakaa wima.

"Ganda la mkate ulioungua upande mmoja," ulisema.

Niliichukua. Nilikwenda nayo dirishani. Ilikuwa hiyo. Katika kahawia sabini, Evelio, ilikuwa hiyo hiyo, na ule weusi wake wa upande mmoja ulikuwepo. Sijui vidole vyako viliuona vipi.

"Ndiyo!" nilipiga kelele. "Ndiyo hiyo! Umepatia!"

Ukatabasamu. Nayajua matabasamu yako yote, hilo sikuwa nimeliona: la mtu mstaarabu anayepewa sadaka mbele za watu.

"Asante, Zoraida."

"Ni kweli, mume wangu. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mwache mama apumzike."

Nikashika mkono wako, nikautikisa. Nikawaza Migdalia, lakini Migdalia, tangu aliposema alikuwa anatania, ulishamweka upande wangu, wa waongo wa huruma. Nikatoka mbio mpaka uani, nikamwita Berto juu ya uzio, akaja na povu la sabuni kidevuni, amenyoa shavu moja.

"Berto, una macho. Sema kweli mbele yake. Hii ni rangi gani?"

Maskini, aliitazama biri, akanitazama mimi, akakutazama wewe, akatafuta jibu tunalolitaka asilipate.

"Kahawia," alisema.

Ukacheka, kicheko kirefu, ukajifuta machozi.

"Afadhali Berto," ulisema. "Berto hanihurumii."

Akarudi kumalizia ndevu zake. Wewe ukainyoosha miguu juani. Mimi nikabaki na biri ile mkononi, na neno la kweli kinywani, nisijue pa kulitua.