Mstari wa Mia

Lori lilikuwa limeshaondoka Changamwe kwenda Voi, na Nyamvula kakaa nyuma juu ya sanduku lake la arusi, shangazi zake wamemshika huku na huku. Karisa alilikimbilia mpaka pale kilima kinapoanza. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimwambia, "Basi, ndugu yangu, basi," naye hasikii.

Tulikuwa tukijifunza udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuchanganya dawa, pamoja katika zahanati moja ndogo pale Changamwe, mwaka wa arubaini na saba. Mzee Nzai, baba yake Nyamvula, alikuwa ametoa neno: Karisa akifaulu mtihani, binti ni wake. Asipofaulu, yuko Gershom, fundi wa reli kule Voi, na wazee wake wameshabisha hodi.

Mtihani wenyewe ulikuwa maji ya sukari ya kuchanganyia dawa ya kikohozi. Gramu hamsini za sukari katika kila mililita mia. Hesabu Karisa aliijua kutushinda sote, ubaoni hakosi. Lakini kalelewa jikoni kwa nyanyake, kule kijijini Mwakirunge, na jikoni kwetu sima huanza na maji. Basi akajaza maji kwenye chupa ya kupimia mpaka mstari wa mia, ndipo akatia sukari, akakoroga. Maji yakapanda, yakaupita mstari, karibu thelathini nzima.

Akatazama kidogo. Kisha akayamimina yaliyozidi kikombeni mpaka yakatua mstarini sawasawa.

Bwana Musyoka, mkuu wetu, mtu wa Machakos, akainama kuangalia. "Hii nini?"

"Mia, bwana. Ndani yake mna hamsini."

"Na humu kikombeni?"

"Maji yaliyozidi tu."

"Maji matupu? Hebu onja."

Karisa akaonja. Niliuona uso wake ukisawijika.

"Matamu," akasema polepole.

"Ehee! Sukari yako ndiyo hiyo, gramu kama kumi na mbili umezimimina. Chupani zimebaki thelathini na nane. Sukari kwanza, maji kidogo iyeyuke, ndipo ujaze hadi mstari. Wewe umesonga sima, bwana! Ingekuwa dawa kali, je?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Karisa akaomba arudie, hata pale pale.

"Mwakani," Bwana Musyoka akasema, akaenda kwa mwingine.

Nyamvula alimpigia babake magoti. "Baba, mwaka mmoja tu, nakuomba."

"Muhogo ndio ungojao shambani mwaka, mwanangu. Wewe si muhogo. Neno nililitoa mbele ya watu."

Wiki ile ile lori likaja.

Karisa alifaulu mwaka uliofuata, akafanya kazi Kisauni mpaka uzee. Hakuoa. Nyamvula alizaa watoto watatu, akafa akimzaa wa nne. Gershom akaoa mwingine. Mzee Nzai alizikwa Changamwe. Bwana Musyoka alirudi kwao. Mimi nilikwenda Tanga, kisha Pemba, kisha kwingine.