Tarumbeta ya Kiherehere

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila mtaani ni Kiherehere. Ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi, na siku ya kurekodi ule wimbo wao uliovuma kuliko zote, aliingia mapema, mwimbaji hajamaliza hata mstari wake. Muda wa studio ulikuwa umekwisha, santuri ikatoka hivyo hivyo. Tangu hapo hatuna pa kujificha. Msibani, hospitalini, hata siku ya harusi ya binti yetu, lazima atokee mtu wa kumpigia tarumbeta ile kwa mdomo. Yeye hucheka. Mimi ndiye ninayechemka.

Juzi tukasikia nyimbo za bendi zimetolewa upya, zote kwenye kasha moja la santuri. Bei yake ni ya kukuna kichwa, kwa hiyo akataka tukalisikilize kwanza dukani, ajue kama linafaa kununuliwa. Muuza duka akatubana kwenye kona nyuma ya rafu, kila mmoja na hedifoni zake, magoti yakigongana.

Wimbo ukafika pale pale. Nikakaza meno. Mwimbaji akamaliza mstari, akavuta pumzi, ndipo tarumbeta ikaingia, taratibu, kama mgeni aliyebisha hodi. Walikuwa wameisogeza kwa mashine. Muuza duka, asiyetujua, alitueleza kwa fahari kwamba lile kosa limeondolewa, na kuanzia sasa redioni wimbo utapigwa hivi tu.

Damu ikanipanda. Niliuchukia ule mlio miaka yote, lakini ulikuwa wetu. Nikavua hedifoni, nikamwambia mume wangu twende zetu, hawa watu wamemfuta.

"Tunalichukua," akasema.

"Baba watoto, humu ndani wewe hupo."

"Ndiyo maana nalitaka." Alisema polepole, macho kwenye rafu. "Wewe ulikuwa unakasirika, unapumua. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu sina pa kutokea."

Miaka yote hiyo nimelala ubavuni mwake nikidhani hajali.

Tukalipa. Tulipotoka tu, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akamwona, akauanza wimbo, akajikatiza kwa tarumbeta ya mdomo. Mume wangu akacheka. Nilikuwa nimemshika mkono, nikamvuta tuondoke kabla kicheko hakijaisha.