Sehemu Waliyoiandika Tupu

Karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha klabu yetu ya redio za mawasiliano. Imechorwa mstari mrefu wa masafa yetu, kama rula, na kupakwa rangi. Buluu ni ya wanaozungumza kwa sauti. Njano ni ya wanaotuma ujumbe kwa kompyuta. Miaka yote mwanzo wa mstari ulikuwa kijani, yetu sisi tunaogonga Morse, herufi za milio mifupi na mirefu. Mwaka huu kijani haikuwepo. Njano ilikuwa imeingia mpaka mwanzo kabisa, na pembeni katibu ameandika: Tupu. Hakuna mtu.

Nilisoma, nikavaa miwani, nikasoma tena.

Mume wangu alipata kiharusi miaka minne iliyopita, ulimi ukamgomea. Kidole hakikugoma. Kila siku saa nne asubuhi anagonga, na dada yake, wifi yangu, anamjibu kutoka ng'ambo. Redio yetu ina nguvu ndogo. Kompyuta zikijazana pale, hatasikika tena.

"Hakuna mtu?" nikamuuliza katibu. "Mume wangu si mtu?"

"Bibi, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Endelea."

Wanaume waliokuwepo wakacheka chini chini. Fundi wa antena peke yake hakucheka. Alinisogezea kiti chake chenye mto. Nilimshukuru, ila sikukaa.

"Tumesikiliza wiki nzima," katibu akasema. "Kimya kitupu. Wagonga Morse mmebaki kwenye picha, Bibi."

"Mlisikiliza kwa redio gani?"

"Ile pale mezani."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tatu. "Iwashe. Hapo hapo kwenye tupu yako."

Akaiwasha. Ikatoa mvumo tu, shhh. Akafungua viganja kama mwenye duka aliyeishiwa sukari.

Nikasogeza sikio. Ule mvumo ulikuwa unafifia, unarudi, unafifia, unarudi. Asiyejua angesema ni spika mbovu. Nikaangalia swichi, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Waliiweka kwenye AM, kama watu wanaosubiri taarifa ya habari. Kwa AM, Morse haipigi filimbi; inazima mvumo kidogo tu kila anapogonga. Wiki nzima walimsikia mume wangu, wakamwita kimya.

"Geuza swichi hiyo kwenye Morse."

"Lo," akasema fundi wa antena, kabla hata haijageuzwa.

Filimbi ikajaa chumbani, nyembamba, herufi moja moja. Nikawasomea: "Dada, goti vipi? Mke wangu ameenda kugombana."

Aliyecheka safari hii ni fundi tu.

Katibu akachukua kalamu ya kijani. "Basi, Bibi, tutaacha kipande kidogo. Nitaandika, kwa ajili ya mgonjwa."

"Usiandike mgonjwa. Sikuja kuomba sadaka. Andika Morse, kama ilivyoandikwa miaka yote. Na kijani iishie ilipoishia mwaka jana, si upana wa kidole."

"Wenzetu wa kompyuta watalalamika."

"Waelekeze nyumbani kwangu."

Fundi akamshikia rula. Redioni wifi yangu alikuwa ameanza kujibu kwamba goti bado linauma. Nilisimama pale pale mpaka wino ulipokauka wote, ndipo nikakaa.