Alama Sita za Angelina

Siku hizi Mzee Sostenes akiulizwa aliachaje ujumbe wa bodi, hukohoa kwanza, halafu husema alianguka kutoka kwenye kiti alichokichonga mwenyewe. Hapo huangua kicheko kabla ya msikilizaji.

Kiti hicho alikikalia miaka sita. Bodi yenyewe ndiyo inayotoa leseni kwa wataalamu wa tiba ya viungo, wale wanaonyoosha mikono iliyokauka kwa kiharusi na miguu ya watoto waliozaliwa nyayo zimepinda. Naye alikuwa mtaalamu, zamani. Tangu ateuliwe hakugusa mgonjwa tena, aligusa makabrasha tu. Kanisani kwao Miyuji, mchungaji alipomtambulisha kuwa mjumbe wa bodi, yeye alisimama akaongeza, "Ya kitaifa," kisha akaketi taratibu ili suti isijikunje.

Ugonjwa wake ulikuwa kanuni. Kila mtaalamu apate alama ishirini za mafunzo kwa mwaka, la sivyo leseni yake inakwisha: kanuni hiyo aliisukuma yeye. Anayechelewa mafunzoni robo saa hapati alama ya siku hiyo: yeye tena. Majina ya waliopungukiwa yasomwe kwa sauti mwanzoni mwa kikao: nani mwingine? Mjumbe mmoja aliwahi kuomba kwamba kuhudhuria vikao vya bodi nako kuhesabiwe kuwa mafunzo. Sostenes alipinga kwa dakika arobaini. "Kukaa kitini si mafunzo!" alisema, na maneno hayo yalimpendeza hata akayarudia nyumbani mbele ya mkewe, aliyekuwa akichambua mchele na hakuinua kichwa.

Mwaka huu kanuni zikaanza kung'ata. Asubuhi ya kikao cha kwanza, kwenye korido ya ofisi za bodi pale Makole, mwanamke mmoja aliinuka kwenye benchi alipomwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Naitwa Angelina. Natoka huko mbele ya Mvumi. Leo mnaamua kama nifutwe. Nimepungukiwa alama sita, mzee. Mafunzo yote mliyaweka Jumanne, na Jumanne ndiyo siku yangu ya kuwafunga hogo, ile bandeji ya chokaa, watoto wenye miguu iliyopinda. Niko peke yangu kituoni. Ningemwachia nani?"

"Utasikilizwa," alijibu Sostenes kwa sauti ya bodi. Hakumwambia kwamba barua yake ya kujitetea alishaisoma tangu juzi, na pembeni alishaandika kwa wino mwekundu: Sababu haina msingi.

Wajumbe ni saba, wawili walikuwa na udhuru. Waliobaki watano walitosha, maana akidi ni watano. Msajili, dada mpole aitwaye Erica, akaanza kusoma majina ya waliopungukiwa, na Sostenes akawa anafuatisha kwa kalamu kwenye nakala yake, akitikisa kichwa kwa masikitiko kila jina lilipotajwa.

"Rehema. Samweli. Stanley."

Kalamu ikasimama. Kwenye karatasi, kati ya Samweli na Stanley, kulikuwa na mtu mwingine. Sostenes alilisoma jina hilo mara tatu, akatazama namba ya leseni, akatazama tarehe ya kuzaliwa. Alama za mafunzo: sifuri.

Miaka yote ya kutunga kanuni, haikumpitia akilini hata siku moja kwamba yeye naye ni mtaalamu.

Akainua macho. Erica alimtazama mara moja, haraka, akainamia karatasi na kuendelea kusoma. Jina hilo aliliruka kwa heshima, kama vile mtu anavyoshindwa kumwambia baba mkwe wake kwamba zipu iko wazi. Walikuwa wanajua wawili tu. Sostenes angeweza kunyamaza, akajaza alama zake kimyakimya, na maisha yakaendelea. Wazo hilo lilimpendeza mno, na ndilo analolionea aibu mpaka leo.

"Suala la Angelina," alisema Dokta Gaudence, mwenyekiti. "Mzee Sostenes, wewe ndiwe baba wa kanuni. Tuanze na wewe. Afutwe au asifutwe?"

Mbele yake palikuwa na ule wino mwekundu. Yeye kapungukiwa alama sita, mimi zote ishirini, aliwaza, na sababu yangu mimi ni ipi? Masikio yalimwaka moto.

"Mwenyekiti," alisema, "Msajili ameruka jina."

"Jina gani?"

"Langu."

Erica akafunika mdomo kwa karatasi.

"Asiye na leseni si mjumbe," Sostenes akaendelea. "Kifungu cha tisa. Na mimi sikuleta barua ya kujitetea, yangu imeshakwisha. Kwa hiyo mko wanne, hamna akidi, na hamuwezi kumfuta mtu. Leseni ya huyo mama, aliyejitetea kwa barua, inaendelea mpaka kikao kijacho, miezi mitatu." Kanuni hiyo ya mwisho nayo aliiandika yeye, na hata katika aibu ile alijisikia fahari kidogo.

Ili kurudisha leseni, alitakiwa kufanya kazi chini ya mtaalamu mwenye leseni hai. Kila siku ingempa alama moja, na msimamizi wake alama moja. Aliwapigia simu wataalamu wa mjini. Wote wakawa na kazi nyingi ghafla, na wengi wao majina yao yalishasomwa kwa sauti kwa kanuni yake. Mwisho akampigia Angelina.

"Njoo Jumanne," alisema Angelina. "Tunaanza saa mbili."

Jumanne Sostenes aliondoka mapema, akafika njia panda, akarudi nyumbani kuchukua tai. Alipoingia kituoni akina mama walikuwa wamejaa mpaka uani. Angelina akamkabidhi beseni la maji bila maneno mengi. Mtoto wa kwanza alimpiga teke, chokaa ya hogo ikamrukia kwenye tai. Vidole vilikuwa vizito. Angelina akamsogezea kidole gumba mahali panapotakiwa, akaendelea kuzungusha bandeji. Walipofika mguu wa kumi na tisa, mikono ilikuwa imeanza kukumbuka, na Sostenes alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kikao chochote.

Akatoa fomu yake. Angelina akaandika: Amefika saa mbili na dakika ishirini. Alama: sifuri.

"Angelina, mwanangu! Miguu kumi na tisa!"

"Nimeiona, mzee. Umeshika vizuri. Lakini umechelewa."

"Nikikosa mimi, na wewe unakosa. Wewe unazitafuta sita!"

"Najua," alisema Angelina. "Nimehesabu Jumanne zilizobaki. Lakini siandiki uongo. Jumanne ijayo saa mbili, mzee. Na hiyo tai uiache."

Jumanne iliyofuata, saa moja na nusu, Angelina alifika na funguo akamkuta Sostenes ameketi kwenye ngazi kati ya akina mama, shati limekunjwa mikono, amepakata mtoto wa watu na kuunyoosha unyayo wake polepole kwa kidole gumba. Alipomwona aliinuka na mtoto yule begani.

"Andika saa," alisema.