Maji ya Laurinda

Kwenye zahanati moja ya upande wa Makote, kila mama aliyekuja kujifungua alileta khanga, glavu, wembe na ndoo ya maji. Ndoo zilipangwa ukutani chini ya dirisha, kila moja na mfuniko wake. Bomba lilikuwepo. Koki yake ilifungwa kitambaa ili nyigu wasijenge ndani, maana pampu ya kijiji ilikuwa imekufa muda mrefu.

Laurinda alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwao Montepuez. Chuo chake kilikuwa Masasi, nacho kikampeleka huko juu mlimani kwa mafunzo ya vitendo. Baba yake, fundi umeme, aliamini nyaya na sabuni, basi, na Laurinda alikua hivyo hivyo. Jioni alianza kuhudhuria darasa la ubatizo la Mwalimu Lucian kwa sababu benchi la nyuma lilikuwa na egemeo, na mgongo ulimuuma. Alisikiliza kwa uchovu. Kesho yake akarudi, akasikiliza tena. Msimu wa korosho ulipokwisha alijikuta akisali huku anachemsha vifaa, na hakukumbuka alianza lini.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kubatizwa."

"Marahaba, mwanangu. Utaratibu wetu unaujua. Kila mtu anateremka bondeni kuchota maji yake mwenyewe. Hapa hatumbatizi mtu kwa jasho la mwenziwe."

Padri alitoka Lulindi kwa pikipiki, naye hakuja mara nyingi. Siku aliyokuja, Laurinda aliteremka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani. Mlangoni pa zahanati akamkuta Mama Upendo amelala ubavu kwenye mkeka, uchungu umemshika, ndoo yake imepasukia njiani. Laurinda akanawa, akamzalisha, akamsafisha mama na mtoto. Ndoo ikaisha. Alipofika kanisani, padri alikuwa ameshaondoka.

Jioni ile paji la uso wake lilianza kutona maji. Halikuwa jasho, yalikuwa maji baridi, yenye ladha ya mawe ya bondeni. Alijifuta, yakaja mengine. Mwalimu Lucian alimsogeza kidogo asilowanishe vitabu vya nyimbo, akaendelea na somo.

Padri aliporudi, mambo yakawa yale yale kwa mama mwingine. Tangu hapo maji yalitiririka kutoka nywele zote. Mganga wa zahanati alimwekea beseni.

"Nesi, simama hapa. Ukizunguka yanapotea."

"Nesi wa ng'ambo," akina mama walimtania, "mumeo atalala na mwavuli!"

Laurinda alicheka pamoja nao, huku meno yakimgongana kwa baridi. Alilala akiwa amelowa, akaamka amelowa. Wajawazito wakaacha kuleta ndoo.

Ndipo watu wa idara ya maji wakaja na gari. Bwana mkubwa wao, Fortunatus, alichovya kidole kwenye beseni, akaonja.

"Zahanati hii ina maji," alisema. "Pampu mpya iende kwingine."

"Mafunzo yangu yanaisha Pasaka, baba," alisema Laurinda. "Narudi Masasi, halafu nyumbani. Kwetu hakuna anayesali; nisipobatizwa hapa, sitabatizwa."

"Tutaomba wakuongezee muda," alijibu Fortunatus kwa upole, akafuta kidole.

Pasaka ilipofika, Laurinda aliteremka tena bondeni, huku maji yakimtoka njia nzima. Aliporudi, mjamzito mwingine, Claudia, alikuwa kitandani na uchungu, na mganga akasimama mlangoni.

"Leo huendi. Ukienda wewe, huyu ataoshwa kwa maji yapi?"

Laurinda alitazama ndoo yake. Akaiweka karibu na kitanda cha Claudia, akaifunika.

"Kwa haya," alisema, akaenda kanisani mikono mitupu.

Padri alikuwa akivua joho. Alimwona, akalivaa tena.

"Maji yako yako wapi?"

"Nimemwachia Claudia."

"Utaratibu ni kila mtu na maji yake."

"Ameleta, padri," alisema Mwalimu Lucian. "Yatazame, yako miguuni pako."

Padri alitazama viatu vyake. Akamuuliza Laurinda maswali yote ya kitabuni, naye akajibu yote. Padri akakinga kiganja chini ya kidevu cha Laurinda, kikajaa. Akammwagia kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Yale yakawa maji ya mwisho. Laurinda aligusa nywele zake, akazikuta kavu. Kabla ya baraka, akina mama walipiga magoti, wakafyonza sakafu kwa khanga, wakazikamua ndooni.

Jumatatu, kabla ya kupanda gari la Masasi, Laurinda alipita zahanati kuaga. Ndoo zilikuwa zimerudi ukutani, ila mahali pa ndoo ya Devotha, mjamzito aliyelala ndani akiugulia uchungu, palikuwa patupu.

Laurinda aliweka begi lake chini ya koki, akachukua ndoo tupu ya zahanati, akashika njia ya bondeni.