Bastola Aliyekuwa Mbele

Ulipita mbele ya lile kabati la kioo kwenye makumbusho, ukasoma kibao, ukageuza shingo. "Bastola ya wagomaji wa kiwanda cha magunia," kimeandikwa, "waliyowafyatulia askari kwanza." Ulijua mtaani kwako kuna wajane wa mgomo ule. Ukanyamaza.

Sisi hatukunyamaza. Tangu sijaota meno bibi anasema: Bastola ni babu. Wenzake kiwandani walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, maneno yakimtoka pa pa pa bila kupumzika. Alipigwa risasi getini, mikono mitupu. Bibi alipohojiwa na polisi akajibu, "Bastola alikuwa mbele." Karani akaandika "ilikuwa". Kwa herufi moja mume wa mtu akageuzwa chuma, kisha wakatafuta chuma cha kufanana naye.

Wiki iliyopita shangazi, aliyestaafu kwenye ghala la silaha la polisi, alimbana mtunza makumbusho mpaka kabati likafunguliwa. Akahakikisha silinda ya risasi ni tupu, akaigeuza bastola mkononi.

"Mpini wa plastiki. Enzi za baba ilikuwa mbao. Tumemaliza."

"Mpini si hubadilishwa, wewe," bibi akamkatiza. "Hata jembe langu halina mpini lililozaliwa nao."

"Mama, niache nifanye kazi."

"Fanya basi. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, anafunga mjadala hata hajakaa."

Shangazi akacheka, akalegeza skrubu, akauvua mpini. Kwenye chuma chenyewe, namba ilitanguliwa na herufi mbili. Kiwanda kilichoitengeneza kilianza kugonga herufi hizo babu akiwa keshazikwa. Shangazi mwenyewe alipokea ghalani bastola za herufi hizo zikiwa mpya, zinanuka grisi.

Bibi akaigusa kwa kidole. "Kumbe katoto hivi," akaiambia. "Mume wangu hata hukumjua."

Mtunza makumbusho hakubisha. Alisema kibao kitatoka wakubwa wakiridhia, na wakubwa huridhia watu wakilalamika. Familia moja haitoshi. Bibi anataka kuona kimetoka angali anaweza kupanda zile ngazi, na magoti yake hayasubiri kikao cha mtu.

Basi inuka. Nenda leo, kabla hawajafunga, simama mbele ya kabati, useme kibao kitoke. Wakikwambia urudi kesho, kaa hapo hapo.