Kijiko Kimoja Kwenye Baridi ya Mwisho

Usiku wa jana niliota wazazi wangu wamegeuka gesi, na mimi nimeitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi kutoa ushahidi.

Sikushangaa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Gesi za baridi kali nilizisoma chuoni, nikazisahau siku ya pili baada ya mtihani. Kilichonikera ni kuitwa wiki ya harusi yangu, wakati bado sijajua baba na mama nitawaketisha wapi. Miaka kumi na tisa hawasemezani. Nilikuwa nimekodi ukumbi mkubwa ili mmoja akae mashariki, mwingine magharibi, na mimi katikati nikitoa jasho.

Mjumbe alikuwa koili ya shaba, waya uliosokotwa kuwa sumaku, amevaa kofia ya viua.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Vua viatu. Humu ndani joto la kandambili moja linatosha kuvunja kikao."

Navua. Ndani ni kweupe, hakuna ukuta wala dari, na kumebaki chembe ndogo mno kufikia baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna nyingine. Katikati linaelea wingu zito la atomi za rubidi. Namjua mama kwa jinsi alivyoning'inia chini kidogo. Baba ni potasiamu, mwepesi, amemzunguka pande zote kama ganda la yai, wala hajaingia ndani hata unywele.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," yakajibu mawingu, kila moja kwa wakati wake.

"Baba yako mwepesi tangu zamani," akasema mama.

"Mwambie mama yako nimemsikia," akasema baba.

Mjumbe akakohoa. "Sheria ni fupi. Atomi za mama zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Za baba vivyo hivyo. Lakini hawa wawili wakisukumana zaidi kuliko kila mmoja anavyojisukuma mwenyewe, hawachanganyiki. Nimepima. Wamezidi."

"Si wewe ndiye sumaku? Wapunguzie huo msukumo."

"Nawapunguzia tangu mwaka waliohama Chumbageni. Swichi imefika mwisho."

Basi nikaomba nipige picha tu. Sina picha yao wakiwa pamoja. Ile moja mama aliikata kwa mkasi.

"Hapa picha hupigwa kwa mwanga, na mwanga utawatawanya," akasema mjumbe. "Utapata picha, wao hutawapata."

Nikairudisha simu mfukoni.

"Lakini Chumbageni walikuwa wanachanganyika," nikasema. "Nilikuwepo."

Mara tuko Chumbageni, kwenye kile chumba chetu kimoja cha kupanga. Kitanda cha futi nne, jiko la mafuta ya taa, pazia la kanga lililonitenga mimi na wao, na kijiko chetu cha pekee, chenye shingo iliyopinda. Baba anakoroga chai yake, anampa mama kijiko kingali cha moto, naye anakoroga yake. Hakuna anayesema ahsante, maana kesho zamu ni ile ile. Nilikuwa na furaha katika chumba kile na sikuwahi kuwaambia. Nikalia pale pale, na machozi yakaganda kabla ya kufika kidevuni.

Kijiko kikanena. "Kutengana kunataka nafasi, Tunu. Hata mpaka una unene wake. Chumba kikiwa chembamba kuliko mpaka, huo mpaka utakaa wapi?"

Mjumbe akavua kofia, akajikuna. "Hilo kweli," akakiri. "Sheria yangu mimi ni ya nyumba kubwa."

Natia bega ukutani, nasukuma ili chumba kizidi kuwa chembamba. Ukuta unalalamika kwamba umepigwa lipu juzi tu. Nasukuma. Mama anasema nitavunja mbavu; za nani, hasemi. Kisha yale mawingu mawili yanabanana, ganda linatoboka, baba anaingia, mama anampisha, na hakuna atomi inayojua tena upande wake.

Sauti ya baba ikatokea ndani ya mama. "Mama Tunu, kijiko kiko wapi?"

Kilikuwa mkononi mwangu, kinaniunguza kwa baridi.

Niliamka simu ikiita. Jua lilishatoka. Alikuwa mama.

"Tunu, baba yako kanipigia sasa hivi. Ndiyo, baba yako huyo huyo! Ati anauliza kile kijiko chetu cha shingo iliyopinda kiko wapi. Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu, mama."

"Miaka kumi na tisa, mtu anaulizia kijiko!" Akashusha sauti. "Nimemwambia ninacho."

Nikampigia mwenye ukumbi kumwambia hatutauhitaji tena. Harusi itakuwa kwa shangazi, Chumbageni, sebuleni kwake, tubanane. Nilikosea namba mara mbili. Ni Tanga, mwezi wa pili, feni inazunguka kwa nguvu zake zote, na vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.